TULIKOTOKA: VIKUNDI VYA WANAWAKE HANDENI NA KOROGWE KABLA YA SANDUKU LETU



Kwanza kabisa tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha mwaka wa kumi tukiwa kitu kimoja. Tulipopanga kijitabu hiki, wengi walitaka kurasa zote zijae picha na hesabu za gawio. Hesabu mtazikuta kurasa za mbele. Hapa tumeombwa kueleza historia, yaani tumetoka wapi. Wapo watu wanaosema vikundi vya akina mama vililetwa na semina juzi tu. Si kweli. Sanduku ndilo jipya, kikundi si kipya.

Vikundi tunavyozaliwa ndani yake

Wataalamu wa elimu ya jamii hugawa vikundi katika mafungu. Mwaka 1909 Mmarekani mmoja, Charles Cooley, aliandika juu ya vikundi vya msingi: familia, majirani, watoto wanaocheza pamoja, watu wanaojuana kwa sura na kwa shida zao. Vingine ni vile vinavyoundwa kwa kazi maalumu, kama chama cha siasa au ushirika. Bibi zetu hawakumsoma Cooley, lakini tofauti hiyo waliijua vizuri.

Kwetu sisi kikundi cha kwanza ni ukoo. Huombi kujiunga na huandiki barua ya kujitoa. Kwa Wazigua, upande wa mama ulikuwa na uzito mkubwa: mjomba alikuwa na sauti, na mtoto alijua anahesabiwa wapi. Njaa ilipoingia, na nchi ya Handeni imeonja njaa mara nyingi, mtu alikimbilia kwa ndugu wa mbali mwenye chakula. Ukoo ndio uliokuwa ghala la akiba.

Kuna kisa kinachoonyesha nguvu ya kikundi cha namna hii. Katika karne ya 19, wakati wa njaa, Wazigua wengi walichukuliwa utumwani hadi nchi ya Wasomali. Masimulizi ya wajukuu zao yanasema kwamba mwanamke mmoja, Wanankhucha, ndiye aliyewaongoza kutoka utumwani hadi bonde la mto Juba, wakajenga vijiji vyao. Lugha yao hawakuiacha. Vita vya Somalia vilipopamba moto mwaka 1991, baadhi yao walikimbilia Tanzania, wakapokelewa Mkuyu, Handeni, na baadaye Chogo, huku huku wilayani Handeni. Wengi walipewa uraia. Fikirini, jamani: zaidi ya miaka 150, na bado walipofika waliweza kusalimiana Kizigua na wenyeji wao.

Pamoja na ukoo kulikuwa na unyago, ambapo kungwi alimfunda mwali, na wasichana waliochezwa pamoja walibaki mashoga mpaka uzeeni. Kulikuwa na utani, ambao hadi leo huonekana msibani: watani wanafika, wanafanya kazi, wanachekesha wafiwa ili machozi yapumzike. Na kulikuwa na ujima: leo tunalima kwako, kesho kwangu, mwenye shamba anapika. Asiyefika bila sababu, zamu yake ikifika hushika jembe peke yake.

Reli, mkonge na watu wasio na ndugu

Mambo yalibadilika Wajerumani walipoingia. Mwaka 1893 Richard Hindorf alileta miche ya mkonge. Inasimuliwa kwamba ni 62 tu iliyofika ikiwa hai. Mwaka huo huo ujenzi wa reli ulianza Tanga, na mwaka 1902 reli ilifika Korogwe. Mashamba yakafunguliwa, Magunga, Ngombezi, Mazinde na kwingineko, na watu wakaja kutoka mbali kukata mkonge: Wanyamwezi, Waha, Wangoni, Wamakonde na wengine. Waliitwa manamba, kwa sababu mtu aliandikwa kwa namba.

Sasa manamba akifiwa, ukoo uko wapi? Uko mwendo wa majuma. Hapo ndipo watu walipoanza kujiundia vikundi vya kuzikana na kusaidiana, watu wa kwao na watu wa kambi moja. Hili ni jambo kubwa katika historia yetu. Hapo mtu alipata ndugu wa kuchagua.

Mijini wanawake walikuwa na ngoma. Tusidhani ngoma ilikuwa kucheza tu. Ilikuwa na viongozi, michango, sare, na taratibu za kumtembelea mgonjwa. TANU ilipoanzishwa tarehe 7 Julai 1954, wanawake waliojiunga mwanzoni walikuwa wachache. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed, ambaye mwenyewe alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma Dar es Salaam, aliwaendea viongozi wa vikundi hivyo kimoja kimoja. Wanawake wakajiunga kwa maelfu. Mwaka 1962 ukaundwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, naye akawa mwenyekiti wake. Basi aliyedharau vikundi vya ngoma alidharau mlango mmoja wa uhuru wetu.

Pale ufunguo ulipokuwa kwa mwingine

Azimio la Arusha lilikuja mwaka 1967, na Handeni ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoanza mapema habari za vijiji vya ujamaa. Wazee wetu wanayakumbuka mema yake, nasi hatutayaficha: shule, zahanati, kisomo cha watu wazima. Mama zetu wengi walijifunza kuandika majina yao wakati ule.

Lakini kuanzia mwishoni mwa mwaka 1973 kuhamia vijijini kukawa amri. Watu waliacha miembe yao na makaburi ya wazee wao. Katika shamba la pamoja mama alilima, lakini mara nyingi jina lililoandikwa daftarini lilikuwa la baba. Kisha mwaka 1976 Serikali ikavivunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, vyama ambavyo wakulima walikuwa wamevijenga kwa miaka mingi, na ilipofika mwaka 1982 ikatungwa sheria ya kuvirudisha. Mkulima hakuulizwa vilipovunjwa.

Hatusemi haya kwa kulaumu. Tunasema kwa sababu hapo ndipo penye somo. Ujima na ujamaa ni maneno yanayofanana, na jembe ni lile lile. Tofauti ni hii: katika ujima kila mtu alijua zamu yake ni lini, na angeweza kuuliza.

Upatu hadi sanduku

Miaka ya 1980 maisha yalipokuwa magumu, sukari na sabuni kwa foleni, akina mama walirudia upatu. Wengine huuita mchezo: mnachanga kila wiki, mmoja anapokea zote. Upatu ulinunua vyombo, ulisomesha watoto, uliwalipia mama zetu nauli ya kwenda kuuza mahindi na ndizi. Udhaifu wake ni kwamba anayepokea wa kwanza akiondoka, wa mwisho analia.

Mwaka 1991 huko Maradi, nchini Niger, shirika la CARE lilisaidia wanawake kuboresha mchezo wa namna hiyo: fedha zisigawiwe zote, ziwekwe na kukopeshana. Mpango ule ulifika Afrika Mashariki, na kwetu ukajulikana kwa jina la VICOBA. Hapo ndipo lilipotoka sanduku letu lenye kufuli tatu, funguo zikiwa kwa watu watatu, na sanduku kwa wa nne. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ikavitambua vikundi kama chetu katika daraja la nne, navyo vinasajiliwa.

Tulipokosea

Historia ikisema mazuri tu ni tangazo. Mwaka wetu wa nne mvua zilikataa, mahindi yakakauka yakiwa na maua. Mwenzetu mmoja, mjane, alikuwa na mkopo akashindwa kurejesha. Baadhi yetu tulisimama kikaoni tukasema mabati yake yaezuliwe, katiba ndivyo inavyosema. Na kweli ndivyo ilivyosema.

Mama mmoja mtu mzima akauliza, "Je, angefiwa leo, tungekwenda msibani?" Tukajibu ndiyo. Akasema, "Basi mnamngojea afe ndipo mmsaidie?" Kikao kilinyamaza.

Mabati hayakuezuliwa. Tulimwongezea muda, tukabadilisha katiba, na mfuko wa jamii ukatengwa mbali na mfuko wa mikopo. Alimaliza deni baada ya mavuno mawili. Lakini wanachama wawili waliona tumelegea, wakachukua hisa zao wakaondoka. Tuliwaruhusu, na wakilipwa hadi shilingi ya mwisho. Hiyo nayo ni haki ambayo mama zetu hawakuwa nayo mwaka 1974.

Miaka kumi ijayo

Tukitazama nyuma tunaona kila kikundi hupimwa kwa maswali mawili: ufunguo anashika nani, na mwenzetu akianguka tunafanya nini. Ukoo ulijua kumwinua aliyeanguka, ila haukumwuliza mwanamke anataka nini. Sisi ufunguo tunao. La pili bado tunajifunza.

Tena lipo jambo linalotukera. Wapo akina mama jirani zetu, vibarua, ambao hawawezi kununua hata hisa moja kwa wiki. Katika ujima mikono miwili ilitosha kuwa kiingilio. Kwetu haitoshi. Tunaomba mkutano mkuu ujao uanze na ajenda hiyo kabla ya gawio.

Haba na haba hujaza kibaba. Tusisahau na wasio na haba.