Wosia wa Pate, Video ya Boston

Mwaka 2010 watafiti wa Boston walichapisha matokeo ya jaribio dogo lililowahusu watu 50 wenye glioma kali, saratani ya ubongo ambayo mara nyingi hurudi hata baada ya upasuaji. Wote walielezwa kwa maneno njia tatu za kuhudumiwa ugonjwa ukizidi: kurefushiwa maisha kwa kila chombo kilichopo, kutibiwa hospitalini bila mashine ya kupumulia, au kutulizwa tu ili wasiteseke. Baadhi yao wakaongezewa video fupi iliyoonyesha kila njia ilivyo. Katika waliosikia maneno matupu, karibu robo walitaka kurefushiwa maisha, na wapatao 22 katika kila 100 wakachagua kutulizwa. Katika waliotazama video, hakuna hata mmoja aliyetaka kurefushiwa maisha. Zaidi ya 90 katika kila 100 walichagua kutulizwa.

Hapo mtu atasema picha imelishinda neno. Mimi nasita. Neno lililoshindwa Boston ni maelezo ya kitabibu yaliyopangwa mapema ili kila mgonjwa asikie yale yale. Liko neno la namna nyingine, na pwani yetu inalo katika maandishi tangu 1858 hivi. Mwana Kupona binti Msham wa kisiwa cha Pate alipomtungia bintiye utendi wake, alikuwa ameuguzwa mwaka mzima, na haukupita muda mrefu akafariki. Anamwita binti akae karibu, alete wino na karatasi, kisha anamuusia. Wasomaji wa leo hubishana juu ya utii anaotaka mke ampe mume, na wana haki ya kubishana. Lakini tazama mikono inavyofanya kazi mle ndani: kumkanda aliyelala, kumpepea, kutomwamsha kwa kishindo, kumtengeneza na kumtia manukato. Hafundishi uuguzi, ila mafunzo yake yanaukaribia mwili kuliko video nyingi za afya nilizotazama. Na anayefundisha ni mgonjwa mwenyewe.

Katika video za Marekani na Uingereza zinazotengenezwa kwa ajili ya wanaouguza nyumbani, anayesema huwa muuguzi, daktari, au mke aliyekwisha kupita njia hiyo na sasa ameketi sebuleni kwake. Mgonjwa yuko pembeni, au hayupo kabisa. Msikilizaji ni “wewe” mmoja: pumzika, omba msaada, piga simu ukiona dalili hii. Ushauri ni mzuri. Tatizo ni kwamba unadhani nyumba ina muuguzaji mmoja, na kwamba simu ikipigwa usiku kuna mtu wa kuipokea.

Kwetu kuuguza ni zamu. Shangazi anaondoka, shemeji anaingia, mjukuu anasaidia kumgeuza bibi. Aliyekwenda kliniki na kuonyeshwa namna ya kutoa dawa siye anayelala chumbani saa nane usiku, na aliyeko ughaibuni anayetuma pesa ndiye mwenye kauli kwenye kundi la familia la WhatsApp. Video ikimfikia huyu wa ughaibuni peke yake, imemfikia mwamuzi na kumkosa mtendaji. Wilayani Malappuram, jimbo la Kerala, India, walilitazama jambo hili kwa upande wa mtaa. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 majirani wa kujitolea hupewa mafunzo, huchanga fedha ndogo ndogo na kuwatembelea wagonjwa majumbani. Anayejua ni mtaa mzima. Akiondoka mmoja, ujuzi hauondoki naye.

Saratani ya ubongo, hata hivyo, huvuruga mila zote hizi. Katika jaribio kubwa la 2005 lililoweka msingi wa tiba ya glioblastoma, glioma iliyo kali kuliko zote, waliopata mionzi pamoja na dawa ya temozolomidi, nusu yao hawakufikisha miezi 15. Uvimbe ukiwa upande wa kushoto wa ubongo, mara nyingi usemi huanza kupotea mapema. Mtu mpole hugeuka mkali, akawatukana wanawe, nao wakaamini amerogwa au kwamba ndivyo alivyokuwa siku zote. Sisi tumezoea wosia wa mwisho: mzee akihisi safari imekaribia, wanaitwa watoto. Kwa ugonjwa huu wakiitwa siku hiyo watakuta mzee yupo na kauli haipo. Wosia wake unatakiwa urekodiwe kwenye simu wiki za mwanzo baada ya majibu ya hospitali: nani amwogeshe, nani asimwogeshe, anaogopa nini, madeni yako wapi, na kwamba akija kutukana si yeye.

Kuna mambo ambayo wosia hauyawezi. Degedege ni la kwanza. Maelezo hayatoshi kwa mtu ambaye maisha yake yote ameona aliyeanguka akitiwa kijiko kati ya meno. Inabidi aone kwa macho mwili ukilazwa ubavu, vitu vigumu vikisogezwa, nguo ya shingoni ikilegezwa, na mtu mmoja akitazama saa, kwa sababu likipita dakika tano ni hospitali. Dawa ya deksamethasoni ni jambo la pili. Inapunguza kuvimba kwa ubongo kunakoleta maumivu ya kichwa, lakini huongeza njaa, hufukuza usingizi, hupandisha sukari na huufanya uso uwe mviringo. Shangazi akiuona uso huo huweza kuifungia kabatini kwa huruma kabisa, akisema dawa ni kali mno. Kuikatisha ghafla ni hatari, na uso ule ni bora aujue kwenye video kabla ya kuukuta kitandani.

Linabaki suala la sitara. Familia nyingi, hasa za pwani, hazitakubali mgonjwa wao apigwe picha akiwa hajiwezi, na sidhani wanapaswa kushawishiwa. Wosia wa mgonjwa unaweza kuwa sauti tupu, usikike na waliokusudiwa na usitoke nje ya nyumba. Degedege linaweza kuigizwa na kijana mwenye afya yake, chumbani kwenye watu wanne watano kama vyumba vyetu vya wagonjwa vilivyo, na kijiko kikiondolewa mkononi mwa mmoja wao.