Nani Alimuua Laura Palmer?

Tarehe 8 Aprili 1990, televisheni ya ABC ya Marekani ilionyesha maiti ya msichana, Laura Palmer, iliyoviringishwa plastiki, imeletwa na maji ufukoni. Zaidi ya watu milioni 30 walikuwa wakitazama. Tamthilia iliitwa Twin Peaks, na walioibuni, David Lynch na Mark Frost, hawakuwa na haraka ya kumtaja muuaji.

Badala yake waliwachezea watazamaji shere. Wenyeji wa mji wa Twin Peaks wenyewe hufuatilia tamthilia ya mapenzi, Invitation to Love, yenye visa vinavyofanana na vyao. Mpelelezi Dale Cooper hupata vidokezo ndotoni. Katika ndoto hizo waigizaji walisema maneno kinyumenyume, kisha sauti ikageuzwa, matamshi yakatoka ya ajabu kabisa. Hata Bob, sura ya kutisha kuliko zote, alizaliwa kwa bahati: Frank Silva, aliyemwigiza, alikuwa mpambaji wa seti tu, hadi kioo kilipomwonyesha kwa makosa mbele ya kamera. Lynch alikipenda kipande hicho, akakibakiza.

ABC ikashinikiza. Muuaji akafichuliwa Novemba 1990, watazamaji wakazidi kupungua, na Juni 1991 tamthilia ikakoma.

Lynch hakuutaka ufichuzi ule, na alikuwa na haki: fumbo ndilo lililowashika watu. Mwaka 2017 yeye na Frost walirudi na vipindi 18, wakamaliza kwa swali jipya. Anayetaka kuitazama leo aanze na kipindi cha kwanza, na asikubali kusimuliwa mwisho.