Anayeuza Kisiwa Auza Nini? Mazingatio Kutoka Mlima Meru



Siku hizi si ajabu kusikia kwamba kisiwa fulani kinauzwa. Husifiwa mchanga wake mweupe, minazi yake na machweo yake, kisha ikatajwa bei. Sisi watu wa pwani husikia hayo tukastaajabu, kwani twajua kwamba kisiwa hakikosi wenyewe. Yuko mvuvi atuaye hapo kuanika nyavu zake, yuko mama aokotaye kombe maji yakitoka, na pengine lipo kaburi la mzee wa watu. Hao wote hawatajwi. Basi yatupasa tuulize: mwenye kuuza auza nini hasa?

Biashara hii ni ya zamani. Mwaka 1893 Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa waziri mkubwa katika Serikali ya Sultani wa Unguja, alikinunua kisiwa cha Changuu ili pajengwe jela. Jela ikajengwa, lakini badala ya wafungwa wakawekwa hapo wasafiri waliohofiwa kuwa na maradhi. Lakini fundisho kubwa kuliko hilo lapatikana mbali na bahari, chini ya Mlima Meru, karibu na Arusha. Tafadhali fuatana nami huko.

Kaskazini mashariki ya mlima huo pana mahali paitwapo Engare Nanyuki, maana yake kwa Kimasai ni maji mekundu. Ukitazama nchi kavu iliyopazunguka, utaona kwamba mahali hapo ni kama kisiwa: maji na malisho katikati ya ukame. Wajerumani walipojenga boma la Arusha mwaka 1900 na kuitawala nchi ile, waligawa ardhi nyingi ya kuuzunguka mlima kwa walowezi, wakiwamo Makaburu waliotoka Afrika ya Kusini. Wenyeji, Wameru na Waarusha, wakabanwa mlimani, na mashamba ya wageni yakawa kama pete iliyowazunguka. Baada ya Vita Vikuu vya kwanza Waingereza waliyatwaa mashamba ya Wajerumani. Mengi hawakuwarudishia wenyeji, bali waliyauza tena kwa wageni wengine.

Kisha ikaja tume ya Jaji Mark Wilson, ambayo taarifa yake ilitolewa mwaka 1947. Ilipendekeza mashamba ya Wazungu baina ya Meru na Kilimanjaro yaunganishwe yawe eneo moja. Wameru waliokaa Engare Nanyuki walikuwa katikati ya mpango huo, basi wakaambiwa wahamie Kingori. Wakakataa. Mwezi wa Novemba 1951 serikali ikapeleka askari. Nyumba zikachomwa moto, na watu wapatao 3,000 wakaondoshwa pamoja na mifugo yao. Walipewa fidia, wakaikataa, kwani mwenye kupokea thamani amekubali kuuza, na wao hawakuuza.

Zingatia tena walilolifanya. Hawakushika mikuki. Walichanga fedha, wakamtuma kijana wao Kirilo Japhet pamoja na mwanasheria Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyefanya kazi Moshi, waende Umoja wa Mataifa huko New York. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini, na Uingereza ilikuwa mdhamini tu. Mwaka 1952 kesi yao ikasikilizwa mbele ya mataifa. Katika Baraza Kuu azimio la kuwatetea lilikosa theluthi mbili za kura, likaanguka. Lakini sauti ilikwisha kusikika, na watu wengi wa Tanganyika wakazinduka, miaka miwili kabla ya kuundwa TANU mwaka 1954. Leo Ngarenanyuki ni kata katika Wilaya ya Meru, na wenyeji hulima hapo nyanya na vitunguu.

Sasa turudi kwenye kisiwa chetu. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, ardhi yote ya Tanzania Bara ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake. Auzaye huuza haki ya kukaa na kutumia kwa muda. Zanzibar nako ardhi ni mali ya umma. Lakini hata Waingereza walisema katika sheria yao ya 1923 kwamba ardhi ya Tanganyika ni ya umma, chini ya Gavana, na bado nyumba za Wameru zilichomwa. Basi neno «mdhamini» peke yake halimlindi mtu. Linalomlinda ni uaminifu wa aliyepewa amana, na ujasiri wa wenye haki kuidai.

Dini yetu imelitilia mkazo jambo hili. Mtume, rehema na amani zimshukie, ametuonya katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kwamba mwenye kudhulumu ardhi japo kiasi cha shibiri atavishwa shingoni ardhi saba. Tena sharia imeweka shufaa: mshirika katika ardhi isiyogawanywa ana haki ya kuinunua fungu la mwenziwe kabla ya mgeni.

Je, ndugu msomaji, haya ni ya wakoloni na matajiri peke yao? Mangapi majumbani mwetu ambapo kaka huuza shamba la marehemu baba pasipo dada zake kujua? Mangapi ambapo kiwanja cha ufukweni huuzwa haraka kwa kuwa mnunuzi ana fedha mkononi, na warithi wengine wakaja kukuta ukuta umekwisha simama? Tuwalaumu vipi waliochora ramani juu ya vichwa vya Wameru, na sisi twachora juu ya vichwa vya dada zetu?

Kabla hujatia sahihi, waite warithi wote, wake kwa waume. Waulize majirani ni nani apitaye hapo na ni nani aliyezikwa hapo. Fedha ya kiwanja huisha. Dhulma yake hubaki shingoni.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe waaminifu katika amana zake. Amin.