Mwenye Soko na Mwenye Kikapu

Bila shaka umepata kuambiwa ya kuwa siku hizi fedha ziko mtandaoni, na kwamba kijana mwenye simu ya mkononi na intaneti ya shilingi chache hana haja ya kuzunguka mjini na barua za kuomba kazi. Pengine aliyekuambia ni ndugu yako. Pengine ni tangazo ndani ya simu hiyo hiyo. Maneno hayo si uongo mtupu, wala si kweli tupu. Mimi ni mwalimu wa historia, na njia niijuayo ya kupima maneno ni moja: huuliza jambo lilianzaje, nani aliyepata fedha hizo kwanza, alizipata kwa nani, na kwa kazi gani. Ukiuliza hivyo utaona kwamba katika soko hili, kama katika soko lolote, kuna watu wa namna mbili. Yuko aletaye kikapu chake, na yuko mwenye soko anayemtoza ushuru mlangoni.

Mtandao haukuanzishwa ili watu wachume mali. Tarehe 29 Oktoba 1969 wataalamu wa chuo kikuu kimoja cha California walijaribu kupeleka neno moja kwa kompyuta iliyokuwa mbali nao, nazo herufi mbili tu zikafika kabla mtambo haujakwama. Kwa miaka mingi baada ya hapo njia hizo zilitumiwa na watu wa jeshi na wa vyuo vikuu. Katika miaka ya 1980 njia kuu huko Marekani iligharimiwa na shirika la serikali lisimamialo elimu ya sayansi, na kanuni zake zilikataza kuitumia kwa biashara. Hata Mwingereza Tim Berners-Lee, aliyebuni mwaka wa 1989 huko Geneva utaratibu wa kurasa tunazozisoma leo, hakuuza uvumbuzi wake. Tarehe 30 Aprili 1993 kituo cha CERN alichokuwa akifanyia kazi kiliutoa kwa watu wote bila malipo. Lau angaliweka ada ya senti moja kwa kila ukurasa, sijui leo tungalimwita nani tajiri. Mwaka wa 1995 ile njia kuu ya serikali ilifungwa, kazi yake ikashikwa na makampuni, na biashara ikaingia kwa kishindo.

Septemba ya mwaka huo huo, kijana mmoja wa miaka 28, mtunzi wa programu za kompyuta aitwaye Pierre Omidyar, alifungua mnada katika mtandao kutoka nyumbani kwake California. Miongoni mwa vitu vya kwanza kuuzwa kilikuwa kifaa chake mwenyewe cha leza, namna ya kile ambacho mhadhiri hutumia kutoa nukta nyekundu ukutani. Kifaa hicho kilikuwa kimevunjika, naye alisema wazi kwamba kimevunjika, walakini mtu alikinunua kwa dola 14 na senti 83. Omidyar alimwandikia kumwuliza kama alielewa kwamba kitu hiki ni kibovu. Mnunuzi akajibu kwamba anaelewa, na kwamba yeye hukusanya vifaa vibovu vya namna hiyo.

Kisa hicho hupendwa sana, nacho husimuliwa ili kuonyesha kwamba mtandaoni kila kitu kina mnunuzi. Lakini tazama yaliyofuata, maana ndiyo yenye mafunzo ya historia. Kampuni iliyompa Omidyar huduma ya intaneti ilimwongezea ada kwa sababu ya wingi wa watu waliokuwa wakija mnadani pake. Naye, ili aweze kulipa, akaanza kutoza sehemu ndogo ya bei ya kila kitu kilichouzwa. Bahasha zenye malipo madogomadogo zikaanza kumfikia kwa posta, zikawa nyingi hata akaajiri mtu wa kuzishughulikia. Mnada ule ukaja kuitwa eBay, na mwaka wa 1998 hisa zake zilipouzwa hadharani, Omidyar akawa tajiri wa mabilioni. Hakutajirika kwa zile dola 14 na senti 83. Alitajirika kwa kuwa vitu vya watu wengine vilipita mlangoni pake.

Wazee wa pwani yetu wasingalishangazwa na habari hii. Katika zamani za Seyyid Said, forodha ya Unguja ilikodishwa kwa tajiri wa Kihindi, Jairam Shivji. Yeye alimlipa Sultani fedha walizopatana, kisha akatoza ushuru kwa faida yake mwenyewe. Hakuwinda ndovu hata mmoja, wala hakubeba pembe begani kutoka bara; lakini pembe ilipofika forodhani, alipata haki yake.

Namna ya pili ya kuchuma mtandaoni ni ngumu zaidi kuiona, kwa sababu kinachouzwa ni macho yako. Tarehe 27 Oktoba 1994 gazeti la mtandaoni la HotWired lilichapisha matangazo juu ya kurasa zake, na hayo huhesabiwa miongoni mwa matangazo ya kwanza ya namna hiyo. Magazeti ya karatasi yalikuwa yakifanya hivyo tangu zamani, basi mwanzoni halikuonekana kuwa jambo jipya. Upya ulikuja mtangazaji alipoweza kulipa kwa hesabu ya watu waliobonyeza tangazo lake, yaani kulipia mlango ulioingiwa badala ya bango lililotundikwa. Biashara hiyo ilianza kushamiri mwaka wa 1998 kwa kampuni iitwayo GoTo.com, iliyowauzia watangazaji nafasi za juu katika orodha ya majibu ya mtu atafutaye habari. Google, iliyoundwa mwaka huo huo na Larry Page na Sergey Brin, ilifungua duka lake la matangazo Oktoba 2000. Wakati huo makampuni mengi ya mtandao yalikuwa yakianguka kama maembe ya upepo, kwa kuwa yalikuwa na majina makubwa na mapato haba. Google ikasimama, maana ilijua mtu anataka nini kwa saa ile ile aliyokuwa akikitafuta, na hakuna muuzaji asiyetaka kujua siri hiyo.

Mwaka wa 2003 Google ilimfungulia mlango mtu wa kawaida. Ukiwa na ukurasa wako, iliweka matangazo humo, ikakugawia sehemu ya malipo. YouTube, iliyoanzishwa mwaka wa 2005 na kununuliwa na Google mwaka uliofuata kwa dola bilioni 1.65, nayo ilianza mwaka wa 2007 kuwagawia watengenezaji wa filamu fupi mapato ya matangazo. Hapa ndipo lilipozaliwa neno tulisikialo kila siku, kwamba mtu aweza kulipwa kwa kujipiga picha akipika chapati. Ni kweli, aweza. Mgawo wa mtengenezaji katika filamu za kawaida umekuwa asilimia 55 ya mapato ya matangazo hayo, nao si mgawo mbaya. Lakini ni nani aliyeuandika? Januari 2018 kampuni hiyo ilitangaza ya kuwa asiye na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa katika miezi 12 hatapata kitu katika matangazo. Watu wengi waliokuwa wakipokea vijisenti walikoma kupokea. Hapakuwa na mkutano wala kura. Mwenye soko aliinua kizingiti, na mwenye kikapu kidogo akabaki nje.

Serikali yetu nayo haikuchelewa kufika mlangoni. Kwa Sheria ya Fedha ya mwaka wa 2023, Mkenya alipwaye kwa kazi za namna hiyo hukatwa asilimia 5.

Sasa niruhusu nirudi nyuma, karne mbili na nusu. Mwaka wa 1770 Wolfgang von Kempelen alimwonyesha Malkia Maria Theresa huko Vienna sanduku kubwa lenye sanamu ya mtu aliyevaa kilemba cha Kituruki. Sanamu hiyo ilicheza sataranji na watu, na aghalabu ikawashinda. Ulaya nzima ilistaajabia mashine yenye akili. Kumbe ndani ya sanduku alijificha mtu wa kweli, hodari wa mchezo huo, akiisogeza mikono ya sanamu kutoka gizani. Mtambo uliteketea kwa moto huko Philadelphia mwaka wa 1854, lakini jina lake halikufa. Novemba 2005 kampuni ya Amazon ilifungua soko la vibarua vidogovidogo vya kompyuta: kutaja kilichomo pichani, kunakili risiti, na kadhalika, kila kimoja kwa senti chache. Ililiita soko hilo Mechanical Turk, yaani yule Mturuki wa mtambo. Wenye kampuni hawakuficha maana yake. Mteja huona kama kwamba kompyuta ndiyo iliyojibu, ilhali mna mtu ndani ya sanduku.

Mtu huyo angeweza kuwa mbali sana na mteja, mradi waya umfikie. Hapa Kenya, kabla ya mwaka wa 2009, intaneti yetu ilitegemea setilaiti, nayo ilikuwa ghali na ya kujikokota. Mwaka huo waya za chini ya bahari zikafika Mombasa: SEACOM, iliyoanza kazi mwezi wa Julai, na TEAMS, itokayo Fujairah katika Ghuba. M-Pesa ilikuwa imekwisha kuanza Machi 2007, basi hata mtu asiye na akaunti ya benki aliweza kulipwa na wakala wa mjini.

Wakati huo mimi nilikuwa katika chuo cha ualimu, nami nalikuwa mmoja wa waliokimbilia kazi hiyo. Sisi hatukuitwa kutaja picha. Tuliitwa kuandika insha. Mwanafunzi wa Uingereza au Marekani aliyeshindwa au kuchoka alilipa fedha katika ukurasa fulani. Kazi ikafika kwa mtu wa Nairobi mwenye akaunti. Naye, akiwa na kazi nyingi kupita nguvu zake, akazigawa kwa vijana kama sisi. Nililipwa shilingi mia mbili kwa ukurasa, na humo nilitoa shilingi moja kwa dakika ya kukaa mbele ya kompyuta. Mteja alilipa ngapi, sikuambiwa. Niliandika insha nne. Moja ilihusu utunzaji wa wagonjwa wazee wasioweza kugeuka kitandani, nami wadi ya hospitali nilikuwa nimeiona kwa kulazwa tu. Niliandika vizuri, nadhani, kwa maana nilipewa nyingine. Siku kadhaa nilifurahia fedha zile, kisha likanijia swali ambalo halijaniondoka: yuko mahali fulani muuguzi ambaye jambo hilo silo alilojifunza yeye, nililiandika mimi. Nani anamgeuza mgonjwa wake?

Insha ya nne sikulipwa. Dalali alisema mteja hakuridhika. Sikuwa na pa kumshtaki, kwa kuwa kazi yenyewe haikuwa ya kupelekwa mbele ya mtu wa haki. Baadaye, mwaka wa 2022, sheria ya Uingereza iliifanya biashara ya kuwauzia wanafunzi insha za namna hiyo kuwa kosa katika nchi hiyo. Lakini sikuacha kwa ajili ya sheria, maana haikuwapo bado. Niliacha kwa sababu mwezi uliofuata nilipangiwa mazoezi ya kufundisha, nikasimama mbele ya watoto arobaini na kuwaambia wasinakiliane.

Usifikiri nasema kwamba kila kazi ya mtandao ni chafu. Wapo Wakenya watafsirio, wachorao, waandikao maneno ya kumbukumbu za sauti, na walipwao kwa jasho halali. Serikali ilianzisha mpango wa Ajira mwaka wa 2016 kuwafundisha vijana kazi hizo. Nawasifu. Nachukia tu wanaowaambia vijana walipe kwanza ndipo wapewe kazi. Charles Ponzi alifanya hila kama hiyo huko Boston mwaka wa 1920, akiahidi faida ya nusu ya fedha kwa siku 45, na waliotangulia aliwalipa kwa fedha za waliofuata. Hila yake imebadilisha nguo, haikubadilisha mwendo.

Imebaki sehemu ya mwisho ya habari hii. Tarehe 30 Novemba 2022 ilitolewa ChatGPT, programu iwezayo kuandika insha kwa dakika moja, na biashara niliyoitumikia ikatikisika. Januari iliyofuata gazeti la Time lilieleza kwamba, kabla programu hiyo haijatolewa, wafanyakazi hapa Nairobi walikuwa wamesoma maandishi machafu ya ukatili na dhuluma na kuyatia alama, ili mtambo ujifunze kuyaepuka. Malipo yao, kwa hesabu ya gazeti hilo, yalikuwa kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Kampuni iliyowaajiri ni Sama. Kwa hiyo Wakenya walikuwamo sandukuni mara mbili: wengine wakiandika insha za wanafunzi wa ng'ambo, wengine wakiufundisha mtambo uliokuja kuziandika bure.

Kampuni hiyo hiyo iliajiri watu wa kuchuja maovu ya Facebook. Mmoja wao, Daniel Motaung wa Afrika Kusini, alifungua kesi Nairobi mwezi wa Mei 2022 dhidi ya mwajiri wake na dhidi ya Meta, mwenye Facebook, na wenzake wengi wakafuata na kesi yao. Meta ilijibu kwamba haina makao hapa, basi mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba mwenye soko aweza kushtakiwa hapa hapa.