Omukama, Sultani, Chifu: Neno Moja la Kiingereza katika Historia ya Karagwe

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza ambayo mfasiri wa Kiswahili hukutana nayo karibu kila siku, limo neno "chief". Ni neno fupi na la kawaida, na aghalabu mtu hulipita bila kufungua kamusi. Lakini mfasiri huyo huyo akiwekewa mezani barua ya wizara, kitabu cha msafiri wa karne ya 19 na taarifa ya utawala wa Kiingereza, atagundua kwamba neno hilo moja linamtaka Kiswahili cha namna tatu au nne, na kwamba akikosea hapotezi ufasaha tu, bali huenda akapotosha historia ya watu.

Katika makala haya tunakusudia kulichunguza neno hilo kwa kulifuata katika nchi moja, nayo ni Karagwe ya kale. Sehemu kubwa ya nchi hiyo leo ni wilaya za Karagwe na Kyerwa katika Mkoa wa Kagera, wilaya ambazo zilikuwa moja hadi Kyerwa ilipotengwa mwaka 2012. Tumeichagua kwa sababu moja. Kiti cha mtawala wake kiliandikwa na wageni kuwa cha mfalme, kisha cha sultani, na hatimaye cha chifu, yote hayo katika muda wa miaka 65 tu. Wenyeji wenyewe waliendelea kumwita mwenye kiti hicho kwa jina lile lile la siku zote.

Yafaa kwanza tutazame asili ya neno lenyewe. Kiingereza kilikopa "chief" kutoka Kifaransa cha zamani, nacho kilikuwa kimelirithi kutoka neno la Kilatini lenye maana ya kichwa. Kutokana na shina hilo hilo Kiingereza kilipata pia cheo cha kapteni. Katika matumizi ya leo neno hilo hufanya kazi mbili: ni kivumishi chenye maana ya kilicho kikubwa kupita vingine vya aina yake, na ni jina la mtu anayeongoza wenziwe.

Kazi ya kwanza haitusumbui sana, kwa kuwa Kiswahili kina mzizi wake wa -kuu. Twasema sababu kuu, zao kuu, Jaji Mkuu, Mhariri Mkuu na Amiri Jeshi Mkuu, na msomaji haoni kigugumizi. Hata hivyo hapa napo pana jambo la kuangalia. Mzizi huu wa -kuu hautumikii neno moja tu la Kiingereza. Mkuu wa Wilaya, mkuu wa shule na Katibu Mkuu wa wizara hawana neno "chief" katika vyeo vyao vya Kiingereza. Ndiyo sababu ofisa anayewaongoza watumishi wote wa umma hapa Tanzania, ambaye kwa Kiingereza cheo chake kina neno hilo, hakuweza kuitwa Katibu Mkuu. Jina lilikuwa limekwisha chukuliwa na makatibu wa wizara. Ikabidi liongezwe neno la tatu, akawa Katibu Mkuu Kiongozi. Mfano huu unatufunza kwamba istilahi haiundwi peke yake. Huwekwa kwenye safu yenye wengine waliotangulia kukaa.

Matatizo makubwa yamo katika kazi ya pili, yaani jina la mtu. Na hapa ndipo tunapohitaji kurudi Karagwe.

Mtawala wa Karagwe, wa ukoo wa Abahinda, aliitwa Omukama. Ni cheo kilichotumika pia katika nchi za Wahaya na huko Bunyoro. Wapo wanaolihusisha neno hili na kitenzi cha kukama, yaani kukamua maziwa, na si ajabu katika nchi ambayo ng'ombe walikuwa fahari ya ikulu. Jirani zake walikuwa na vyeo vyao: Nkore walikuwa na Omugabe, Buganda Kabaka, na ng'ambo ya Mto Kagera, Rwanda, Mwami. Vyeo hivi havibadilishani nafasi. Mwami huyo aliyekuwa mkuu wa dola nzima Rwanda, Buganda ni jina la mtawala wa chini ya Kabaka, na tena ni neno la heshima kwa mwanamume yeyote, kama tusemavyo Bwana. Kwa hiyo hata kabla mgeni hajafika, nchi hizi zilikuwa na ngazi za utawala zilizopangwa vizuri, na kila ngazi ilikuwa na neno lake.

Mnamo Novemba 1861 Kapteni John Hanning Speke na mwenzake James Augustus Grant waliwasili Karagwe wakipokewa na Omukama Rumanyika katika ikulu yake ya Bweranyange. Speke alikaa hadi Januari 1862 akaendelea na safari ya Buganda; Grant alibaki nyuma kwa ugonjwa wa mguu. Yafaa tukumbuke jinsi mazungumzo yao yalivyopita. Mkalimani mashuhuri wa Speke alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuchukuliwa utumwani mpaka India. Speke alisema naye kwa Kihindustani, naye Bombay akasema na watu wa bara kwa Kiswahili. Hivyo maneno ya ikulu yalitoka katika lugha ya nchi, yakapita Kiswahili na Kihindustani, ndipo yakaandikwa Kiingereza. Pamoja na kupita mikono mingi hivyo, heshima ya cheo haikupotea: katika kitabu alichokichapisha mwaka 1863 Speke alimwita Rumanyika mfalme. Henry Morton Stanley, aliyefika mwaka 1876, naye alimwandika hivyo hivyo. Wasafiri hawa walikuwa na dharau nyingi kwa Waafrika, na vitabu vyao vinaonyesha hivyo. Lakini walipoona ikulu, ngoma, vifaa vya kifalme vilivyofuliwa kwa chuma, wajumbe na kodi, waliandika neno lililolingana na walichokiona.

Neno la pili lililetwa na misafara ya biashara. Waarabu na Waswahili wa pwani, waliokuwa na kituo cha biashara huko Kafuro, walizoea kumwita sultani karibu kila mtawala wa bara, mkubwa na mdogo. Wajerumani walipojenga boma Bukoba mwaka 1890 walilikuta neno hilo tayari midomoni mwa wakalimani wao, wakalichukua kama lilivyo. Mwaka 1906 Bukoba ilifanywa eneo la utawala la pekee, kama Rwanda na Burundi, ambako Wajerumani walitawala kwa kuwapitia masultani. Neno lilikuwa bado lina uzito, ila lilikuwa limeanza kuwasawazisha watu wasiolingana.

Waingereza waliuteka upande huu wa nchi mwaka 1916. Chini ya Gavana Donald Cameron ikatungwa Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya 1926, nayo ikaweka mfumo mmoja kwa Tanganyika yote. Omukama wa Karagwe, Mtemi wa Unyamwezi, Mangi wa Uchagga na Mwami wa Buha wote wakaingia katika safu moja ya daftari chini ya neno "chief". Kiswahili cha ofisini kikalipokea kwa sauti yake, likawa chifu, wingi machifu, na cheo chao uchifu.

Badiliko hilo halikuwa la lugha peke yake. Katika himaya ya Kiingereza jina la mfalme aghalabu lilihifadhiwa kwa yule aliyekaa London. Hata katika Mapatano ya Uganda ya mwaka 1900, Kabaka hakupewa jina la mfalme kwa Kiingereza, bali alibakiziwa neno Kabaka pamoja na anwani ya heshima. Tanganyika haikupata hata hilo. Mtu aitwaye chifu alikuwa na mshahara, hazina na baraza, lakini madaraka yake yalitokana na sheria ya gavana, na gavana angeweza kuyaondoa. Neno lilieleza barabara hali hiyo mpya. Kosa lilianza pale lilipotumiwa pia kueleza hali ya zamani, kana kwamba Rumanyika naye alikuwa mtumishi wa daraja fulani.

Mwaka 1963 Tanganyika huru iliufuta uchifu kisheria. Cheo kikafa, lakini neno halikufa. Lilibaki kama anwani ya heshima, mathalan kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, aliyekuwa Spika wa Bunge kwa miaka mingi. Linatumika kwa viongozi wa jadi wasio na madaraka ya serikali. Mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alisimikwa mkoani Mwanza kuwa Chifu Hangaya. Vijana nao wanaitana hivyo kwa utani. Kumbe ukivuka mpaka kuingia Kenya, chifu ni mtumishi wa serikali anayelipwa mshahara, mwenye naibu wake na ofisi yake katika lokesheni. Gazeti likiandika kwamba chifu ameitisha mkutano, msomaji wa Kayanga na msomaji wa Kisumu hawaoni mtu mmoja.

Hasara yake huonekana zaidi darasani. Mwalimu anaposoma kwamba Speke alipokewa na "chifu wa Karagwe", mwanafunzi wa Kyerwa anapata picha ya mzee wa kata. Kitabu cha Kiingereza cha mwaka 1863 kilisema mfalme. Kiswahili cha miaka yetu, kilichokusudiwa kututoa katika fikra za kitawaliwa, kimemshusha. Hatusemi kwamba waandishi wetu walikusudia hivyo. Walifuata tu neno walilolikuta katika taarifa za baada ya 1926, wakalirudisha nyuma miaka 65.

Wapo watakaotupinga kwamba neno mfalme linatukuza tawala ambazo Taifa liliamua kuachana nazo. Tunaiheshimu hoja hiyo, ila tunaona kwamba kutaja cheo kwa jina lake si kukirudisha. Wengine watashauri tutumie Omukama popote. Hilo nalo lahitaji uangalifu, kwani katika makanisa ya Kagera neno hilo ndilo Bwana, yaani Mungu mwenyewe, na sentensi iliyokatwa vibaya yaweza kumshangaza msomaji.

Kwa hiyo tungependa kupendekeza kwamba mfasiri akutanapo na neno hili ajiulize kwanza linaeleza mwaka gani na nani alilisema. Kwa habari za kabla ya utawala wa kigeni, atumie cheo cha nchi yenyewe na kukifafanua mara moja: Rumanyika, Omukama, yaani mfalme, wa Karagwe. Kwa maandishi ya wakati wa Wajerumani aliache neno sultani lilivyo, akionyesha kwamba ni lugha ya utawala ule. Kwa miaka ya 1926 hadi 1963 neno chifu ni sahihi, maana ndicho cheo kilichokuwapo. Kwa siku hizi aseme chifu wa jadi, na akitafsiri habari ya Kenya aeleze kwamba ni ofisa wa serikali. Na pale neno la Kiingereza linapokuwa kivumishi, -kuu yatosha, mradi atazame kwanza kama nafasi hiyo haijashikwa na cheo kingine.

Kazi hii si ya kamati peke yake. Walimu wa Karagwe na Kyerwa wanao wazee ambao bado wanajua majina ya ngazi za utawala wa zamani katika Kinyambo. Majina hayo yakikusanywa na kufafanuliwa, mfasiri wa kesho hatalazimika kumtafuta mtawala wa Bweranyange katika safu ya daftari iliyoandaliwa na mgeni.