Makavazi au makumbusho? Siku moja Nairobi yenye jibu

Neno 'makavazi' limezoeleka sana magazetini humu nchini. Wapo wanaolitumia kwa jumba la vitu vya kale, wapo wanaoliita hivyo jumba la nyaraka za serikali, na wapo wanaolitwika yote mawili bila wasiwasi. Jirani zetu Watanzania hawana shida hiyo: jumba la vitu vya kale kwao ni 'makumbusho', basi. Huenda msomaji akaona huu ni ubishi wa walimu na wahariri tu. Mimi naona ni suala zito la historia, na ushahidi nilionao niliukusanya kwa siku moja, niliposafiri usiku kutoka Sugoi kupitia Eldoret, nikashinda Nairobi peke yangu nikitembea jumba hadi jumba.

Nilianzia Maktaba ya McMillan, barabara ya Banda, karibu na Msikiti wa Jamia. 'Maktaba' tumelitoa katika Kiarabu, na shina lake ndilo hilo la kitabu, katibu, mkutubi na hata mkataba. Ni mahali pa maandishi. Neno halisemi lolote kuhusu msomaji, na jengo hili nalo kwa miaka mingi lilichagua wasomaji wake kwa rangi ya ngozi. Lilifunguliwa mwaka wa 1931 kwa fedha za Lucie McMillan, mjane wa tajiri mzaliwa wa Marekani William Northrup McMillan, pamoja na mchango wa wakfu wa Carnegie. Nguzo ndefu mbele, simba wawili wamelala langoni. Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo hadi miaka ya mwisho mwisho ya ukoloni, na mwaka wa 1962 maktaba ikawa chini ya baraza la jiji. Fikiria: miaka yote hiyo vitabu vilihifadhiwa barabara, vikapanguswa vumbi, vikapangwa rafuni kwa nambari. Vilimkumbusha nani, na nini?

Kutoka hapo hadi jumba la nyaraka za kitaifa ni mwendo wa dakika chache tu, ukijua kukwepa mikokoteni. Wakazi wa Nairobi wanalijua zaidi kama mahali pa miadi. "Tupatane hapo nje ya Archives," wanaambiana, na wengi hawajawahi kuvuka mlango wake. Zamani lilikuwa jengo la Benki ya India. Idara yenyewe iliundwa kwa sheria ya mwaka wa 1965, na mali iliyomo inamhusu sana mtu wa Bonde la Ufa, kwa sababu Joseph Murumbi alizaliwa Eldama Ravine mwaka wa 1911, baba Mgoa na mama Mmaasai. Alikuwa makamu wa rais kwa miezi michache tu ya 1966, akajiuzulu, akaendelea na kazi aliyoipenda kuliko siasa: kukusanya. Vinyago, vitambaa, mapambo, stempu, vitabu kwa maelfu, vikiwemo vilivyochapishwa kabla ya 1900. Serikali ilinunua mkusanyo huo miaka ya sabini. Mimi humhesabu Murumbi kuwa mmoja wa wanahistoria wetu wakubwa, ingawa hatumtaji hivyo.

Ghorofani ndiko kuna nyaraka. 'Nyaraka' ni wingi wa waraka, karatasi iliyoandikwa. Niliagiza faili za Uasin Gishu, zile ripoti za mwaka za wakuu wa wilaya. Kiingereza kitupu: mashamba, mahindi, ng'ombe, kodi. Sasa mzee wa kwetu hukwambia bado kuwa anaenda 'Sisibo'. Hilo ndilo jina la Eldoret la mdomoni, linalotokana na nambari 64 ya Kiingereza, kwa kuwa posta ya kwanza ilijengwa mwaka wa 1910 kwenye shamba nambari 64. Serikali ilipotangaza jina la Eldoret mwaka wa 1912, kinywa cha watu hakikusubiri ramani. Kavazi hutunza karatasi; Sisibo limetunzwa na makondakta na akina mama wa sokoni, na halijapotea.

Alasiri nilipanda matatu hadi jumba la vitu vya kale pale mlimani. Chama cha wapenzi wa elimu ya viumbe kililianzisha 1910, likahamia hapo lilipo 1930 likiitwa jina la Gavana Coryndon, na uhuru ulipokuja likawa la taifa. Nilikaa sana mbele ya mifupa ya yule mvulana wa Turkana, wa zaidi ya miaka milioni moja na nusu iliyopita, ambaye Kamoya Kimeu alimgundua mwaka wa 1984. Kulikuwa na watoto wa shule. Mmoja akauliza, "Mwalimu, huyu alikuwa anaongea lugha gani?" Mwalimu akacheka, akamwambia hata yeye angependa kujua. Hapo jumba lilistahili jina la makumbusho.

Kitenzi 'kumbusha' kinahitaji watu wawili, anayekumbusha na anayekumbushwa. 'Hifadhi' kinaridhika na kitu na kufuli. Ndiyo maana napendekeza makavazi tuwaachie watunza nyaraka, na jumba la vitu vya kale tuliite makumbusho, tulidai litimize jina hilo.

Anayeona nachambua bure na atazame Nandi, jirani zetu wa Uasin Gishu. Richard Meinertzhagen alipomuua Koitalel arap Samoei tarehe 19 Oktoba 1905, alichukua fimbo zake za uongozi. Zilikaa Uingereza katika familia yake, salama kabisa, hazikuliwa na mchwa. Zilirudishwa Kenya mwaka wa 2006. Kwa miaka 101 zilikuwa kavazini.