Jiko la Kale Kama Hati ya Historia

Makumbusho hai ni mahali ambapo maisha ya zamani hayaelezwi kwa vitu vilivyofungiwa katika makabati ya vioo, bali hutendwa upya mbele ya watazamaji. Chimbuko lake linalotajwa zaidi ni Skansen, eneo la wazi jijini Stockholm, Uswidi, lililofunguliwa mwaka 1891 na Artur Hazelius, ambaye alihamishia huko nyumba za kale kutoka sehemu mbalimbali za nchi hiyo na kuweka humo watu waliovaa na kufanya kazi kama wahenga wao. Wazo hilo lilivuka bahari hadi Marekani, ambako Old Sturbridge Village, katika jimbo la Massachusetts, lilifunguliwa mwaka 1946 ili kuonyesha maisha ya vijijini ya kati ya mwaka 1790 na 1840, na nchini Uingereza jumba la Kentwell Hall, Suffolk, lilianza mwaka 1979 kuwapokea watu wa kujitolea wanaoishi kwa siku kadhaa kama watu wa enzi ya wafalme wa Tudor.

Mpishi wa kujitolea katika maeneo ya namna hii hufanya kazi ya mtafiti kwa mikono yake, kwa kuwa vitabu vya zamani, kikiwamo American Cookery cha Amelia Simmons kilichochapishwa Hartford mwaka 1796, viliandikwa kwa wasomaji waliokwisha kuujua moto, na kwa hiyo mara nyingi havitaji kiasi cha joto wala muda kamili. Joto la tanuri la matofali lilipimwa kwa kuingiza mkono na kuhesabu, na aliyeshindwa kuvumilia hadi hesabu aliyoizoea alijua kwamba mkate ungeungua. Mkate mdogo uliokwa katika chungu kizito cha chuma chenye miguu mitatu na mfuniko wenye ukingo, ambacho huwekwa juu ya makaa na kurundikiwa makaa mengine juu ya mfuniko, mbinu ambayo wapishi wa pwani ya Afrika Mashariki huiita kupalia na ambayo kwayo wali hukaushwa na mkate wa kumimina huiva juu na chini.

Kazi hii pia imesahihisha simulizi zilizorithiwa bila kuchunguzwa, kama ile inayodai kwamba Wazungu wa kale walitia viungo vingi ili kuficha harufu ya nyama iliyooza, ilhali karafuu na kungumanga, zilizosafirishwa kutoka visiwa vya mbali vya Maluku, katika Indonesia ya leo, zilikuwa ghali kiasi kwamba aliyemudu kuzinunua hakushindwa kupata nyama mbichi.

Sahihisho kubwa zaidi, hata hivyo, linahusu wapishi wenyewe, kwa sababu katika nyumba za matajiri wa jimbo la Virginia, Marekani, chakula kilichosifiwa kwa jina la bwana kilipikwa na watumwa. James Hemings, mtumwa wa Thomas Jefferson aliyekuja kuwa rais wa Marekani, alipelekwa Paris mwaka 1784 akajifunza upishi wa Kifaransa, na aliporejea alikubaliana na bwana wake kwamba angepata uhuru baada ya kumfundisha mtu mwingine kazi hiyo. Akamfundisha nduguye, Peter, na mwaka 1796 akaachiwa huru. Kabla ya kuondoka Monticello, shamba la Jefferson, aliandika kwa mkono wake orodha ya vyombo vya jikoni, ambayo imehifadhiwa hadi leo, na mwaka 2017 wanaakiolojia walitangaza kugundua hapo mabaki ya jiko la matofali lenye matundu ya makaa, lililomruhusu mpishi kupunguza au kuongeza moto wa kila sufuria. Mwandishi Michael Twitty, ambaye hupika katika mashamba ya kale ya kusini mwa Marekani akiwa amevaa mavazi ya wakati huo, ameieleza historia hiyo katika kitabu The Cooking Gene cha mwaka 2017, akifuatilia mizizi ya chakula hicho, bamia zikiwamo, hadi Afrika.

Kwa hiyo Marekani imelazimika kuujenga upya ujuzi wa wapishi kama Hemings, kwa sehemu, kutokana na orodha ya vyombo na matofali yaliyofukuliwa ardhini. Afrika Mashariki bado haijafika hapo: Dar es Salaam ina Kijiji cha Makumbusho, kilichoanzishwa mwaka 1966 na chenye nyumba za asili za jamii mbalimbali za Tanzania, na katika pwani yote wangali hai akina bibi wanaojua makaa mangapi yanatosha juu ya mfuniko. Inafaa waketishwe mbele ya mafiga na vijana wa kujitolea wawe kando yao, wakiandika, kabla ujuzi huo haujageuka kazi ya wafukuaji.